Mbilia Bel: Safari ya Mnenguaji hadi Kuwa Malkia wa Rumba

Mwanamuziki Mbilia Bel, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Marie-Claire Mboyo Moseka, alizaliwa Kinshasa mwaka 1959, wakati jiji hilo likiitwa bado Léopoldville, akakulia katika mazingira ya rumba, yaani muziki wa dansi uliozaliwa kwa kuchanganya midundo ya Kuba na upigaji gitaa wa Kikongo. Katika bendi nyingi za enzi hiyo wanaume ndio waliotunga, waliopiga ala na walioimba mbele, ilhali mwanamke aliyepanda jukwaani kwa kawaida alikuwa mnenguaji, ambaye kazi yake ilikuwa kucheza shoo, hasa wimbo ulipofika kwenye sebene, ile sehemu ya mwisho ambayo magitaa huchangamka na uimbaji hupungua.

Mbilia alipitia mlango huohuo, kwani akiwa na umri wa miaka 17 alijiunga na kundi la Abeti Masikini akiwa mnenguaji na mwitikiaji. Hata hivyo, kundi hilo lilitofautiana na mengine kwa kuwa kiongozi wake alikuwa mwanamke, tena aliyekwisha kuimba katika ukumbi maarufu wa Olympia, Paris, mwaka 1973; kwa hiyo msichana huyo, pamoja na kujifunza nidhamu ya jukwaa, alishuhudia kila siku kwamba mwanamke anaweza kuwa mwenye onyesho. Baadaye alifanya kazi na Sam Mangwana, mwimbaji aliyevuma kote Afrika.

Mwaka 1981 alichukuliwa na Tabu Ley Rochereau, kiongozi wa Afrisa International, bendi iliyoshindana kwa miaka mingi na TPOK Jazz ya Franco. Wimbo wake wa kwanza huko, Mpeve ya Longo, ulieleza mateso ya mwanamke katika ndoa na ukapendwa sana na wanawake, na mwaka 1983 albamu ya Eswi Yo Wapi ikathibitisha umaarufu wake. Afrisa ilipata hivyo msanii aliyeweza kubeba ubeti kwa sauti nyororo, kisha akaingia kwenye sebene na kucheza mwenyewe, bila kuwaachia wengine jukwaa.

Afrika Mashariki nayo ilimpokea kama wake, na hadi leo nyimbo kama Nakei Nairobi na Shauri Yako husikika redioni na kumbini, hata miongoni mwa wasiojua Kilingala. Mwishoni mwa miaka ya 1980 aliachana na Afrisa, akafanya kazi Paris na mpiga gitaa Rigo Star.

Ni kweli kwamba tungo nyingi zilizomjengea jina zilitoka kwa Tabu Ley, lakini ustadi wa kuzifikisha kwa watu ulikuwa wake, na sehemu kubwa ya ustadi huo aliupata katika miaka ya unenguaji, kazi ambayo wengi waliidharau.