Samadi: Mzigo Uholanzi, lulu adimu Kenya

KENYA ina ng'ombe wengi kuliko Uholanzi. Sensa ya 2009 iliwahesabu zaidi ya milioni 17, ilhali taifa hilo dogo la Ulaya lina takriban milioni nne pekee.

Hata hivyo, mfugaji wa Uholanzi huhangaika kutafuta pa kupeleka samadi, huku mkulima wa Vihiga au Siaya akikosa ya kutosha hata nusu ekari.

Tofauti hii haitokani na idadi ya mifugo, bali na chakula inacholishwa na mahali kinyesi kinapoangukia.

Samadi huthaminiwa kwa sababu, miongoni mwa mengine, ina fosforasi, madini yanayostawisha mizizi na kukomaza nafaka. Mahindi yakiyakosa, hudumaa na majani yake kugeuka rangi ya zambarau. Kila tani ya mahindi inayovunwa huondoka shambani na takriban kilo tatu za madini hayo.

Nchini Uholanzi, ng'ombe, nguruwe na kuku hurundikana katika eneo dogo na kulishwa vyakula kutoka ng'ambo, ikiwemo soya ya Brazil. Sehemu kubwa ya fosforasi iliyomo huishia kwenye samadi.

Kwa miaka mingi, kikomo cha nchi hiyo chini ya kanuni za Umoja wa Ulaya kilikuwa kilo milioni 172.9 za fosfeti kwa mwaka. Kiasi hicho kikigawanywa kwa hektari milioni 1.8 za ardhi ya kilimo, ni kama kilo 96 kwa hektari, au kilo 42 za fosforasi yenyewe.

Vizuizi vya uzalishaji wa maziwa vilipoondolewa Aprili 2015, ng'ombe waliongezeka na kikomo hicho kikapitwa. Tangu Januari 2018, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa sharti awe na haki maalumu ya kuzalisha fosfeti. Samadi inayozidi hupelekwa kwingine, ikiwemo Ujerumani, kwani ikiachwa huchafua mito na kustawisha mwani.

Nchini Kenya, ng'ombe wengi hufugwa maeneo kame, na kinyesi hubaki malishoni au bomani, mbali na mashamba. Sehemu ndogo tu husafirishwa kwa malori kutoka sehemu kama Kajiado kuuziwa wakulima wa nyanda za juu.

Magharibi mwa nchi, hali ni ngumu zaidi. Udongo mwekundu wenye asidi una chuma na alumini zinazoishika fosforasi, mizizi isiweze kuifikia. Isitoshe, ng'ombe anayelishwa nyasi za shamba lilelile hurudisha tu alichokitoa humo. Samadi haiundi fosforasi, huizungusha.

Ndiyo maana mkulima hushauriwa kuchanganya samadi na mbolea kama DAP, au fosfeti ya mawe ya Minjingu kutoka Tanzania, ambayo hufaa udongo wenye asidi.

Kinaya ni kwamba mvua husomba udongo wa mashamba hayo kupitia mito kama Nyando hadi Ziwa Victoria, ambako fosforasi hiyo hulisha gugumaji.

Kwa hivyo, mkulima aifunike samadi isisombwe na mvua, aitie ndani ya mashimo ya kupandia badala ya kuitawanya, na ajenge matuta ya kuzuia mmomonyoko. Kile ambacho Mholanzi hugharimika kukiondoa, Mkenya hana cha kupoteza hata kiganja.