Kitunguu saumu kilichokataa kujigawa

Kwenye meza ya mboga huko Majengo, mjini Meru, kuna kitunguu saumu kimoja ambacho mwenyewe hakiuzi. Ni cha mviringo, chenye michirizi ya zambarau, kizito mkononi. Ukikimenya huoni punje. Ni bonge moja tu, kama kitunguu maji kichanga, ila harufu ni ile ile inayong'ang'ania vidoleni mpaka jioni.

Mama anayekiweka anasema shamba lake la kwanza lilitoka hivyo karibu lote. Alinunua vitunguu vya dukani, vikubwa vyeupe kutoka China, akavipanda mahali penye joto. Majani yalinawiri, majirani wakasifu. Alipong'oa, mabonge.

Kitunguu saumu hujigawa punje baada ya kuonja baridi kwa majuma kadhaa, na aina nyingi husubiri pia mchana urefuke. Huko Jinxiang, jimbo la Shandong nchini China, hupandwa mwezi wa kumi, hupitia baridi kali, kisha huvunwa karibu na Juni, mchana ukizidi saa 14. Ikweta inapita kusini kidogo tu mwa mji wa Meru. Mchana hapa ni saa 12, Januari hadi Desemba. Kilichobaki ni baridi, nayo iko juu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya.

Basi mama akapanda Timau, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa mbegu ya wakulima wa huko huko. Huchagua punje nene na kuzisimika ncha ikitazama juu. Siku ya kuvuna haisomi kwenye kalenda, anaisoma kwenye majani: ya chini yakikauka, ya juu matano au sita yakiwa bado mabichi, anang'oa. Kila jani bichi, anaeleza, ni ganda moja la kukifunika kitunguu. Ukichelewa, maganda huoza na punje hutawanyika udongoni. Akishang'oa, huvianika vitunguu kivulini majuma 2 au 3.

Wapo wanaoiweka mbegu kwenye jokofu kabla ya kupanda. Lakini mwenye robo ekari atalipata wapi jokofu la kutosha? Na barafu ya Mlima Kenya ikizidi kuyeyuka, baridi ya Timau itatosha hadi lini? Mama huinua mabega tu.

Kwa anayetaka kujaribu, ushauri wake ni huu: usianze na ekari nzima. Tafuta mbegu kwa aliyevuna mahali penye hali ya hewa kama ya kwako, panda mstari mmoja, ungoje miezi 4 au 5, ndipo uamue.