Nipe Kivumishi, Mpenzi!

Hivi mara ya mwisho wewe na mwenzi wako mlicheka hadi machozi ilikuwa lini? Usinitajie video ya kwenye simu. Nasema kucheka ninyi wawili, kwa neno lililotoka kwa mmoja wenu.

Sisi tulikuwa tumesahau. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuwa inahamia Dodoma, mume wangu alikuwa kwenye kundi lililotangulia. Mimi nikabaki Dar na kazi yangu. Ikawa basi kila mwisho wa mwezi (treni ya SGR ilifika Dodoma 2024, sisi tumeshateseka), na simu za usiku zinazoanza na "umekula?" na kuishia na "haya, lala salama". Nilipomfuata tukapanga Kisasa, na hapo nikagundua tumekuwa wapole mno. Tunaombana chumvi kama wageni kwenye semina. Ugomvi hakuna, stori hakuna. Wenye ndoa mnajua, hapo ndipo pa kuogopa.

Basi bwana, dada yangu akaniletea kutoka Marekani kigemu cha mkononi, cha betri. Kinaomba maneno tu: nipe kivumishi, nipe kitenzi, nipe kiungo cha mwili. Hadithi yenyewe kinaificha. Mnaandika kwa zamu, na mapengo yakishajaa, skrini inawaletea kisa kizima chenye vituko vyenu. Asili yake ni Mad Libs, mchezo ulioanza 1953 pale mwandishi wa televisheni Leonard Stern alipokwama akitafuta kivumishi cha kueleza pua ya mhusika. Rafiki yake Roger Price akatoa maneno yasiyohusiana kabisa na pua, wakavunjika mbavu. Kitabu cha kwanza kikatoka 1958.

Tatizo, kigemu kinaongea Kiingereza. Usiku wa kwanza tulihisi tumerudi kwenye mtihani wa kidato cha pili. Usiku wa pili mume wangu akachukua daftari: "Maswali tuchukue yake, hadithi tuandike wenyewe."

Kumbe Kiswahili nacho kina mitego! Kwa Kiingereza kivumishi hakibadiliki. Kwetu, nomino ndiyo bosi: andika "mbuzi wangu mnene amepotea", halafu mwenzio aweke kiti badala ya mbuzi, sentensi nzima inageuka, "kiti changu kinene kimepotea". Kwa hiyo kubalianeni kutoa shina tu, -nene, -bovu, -chachu, na anayesoma ndiye aweke kiambishi papo hapo. Akikosea ngeli, anaosha vyombo. Mapengo manane hadi kumi yanatosha. Majina ya wakwe yaacheni, nawaambia kwa uzoefu.

Tulianza na tembo aliyezama, yule anayesimuliwa kuwa ndiye aliyeupa mji jina kwa neno la Kigogo, idodomya. Kwetu tembo akawa birika. Nilicheka hadi jirani akagonga ukuta.

Halafu siku moja akaniomba nomino, kivumishi, nomino, kitenzi. Nikatoa sufuria, -chachu, kuku, kaanga. Akasoma: "Usiku wa kwanza Dodoma nililala juu ya sufuria chachu, upepo unapiga dirisha, nikamkumbuka kuku wangu, nikataka kukaanga kazi."

Nilipomaliza kucheka nikamuuliza, kabla ya mapengo ulikuwa umeandika nini? Akasita, akanigeuzia daftari. Godoro jipya. Mke wangu. Kuacha kazi.

Miaka yote ile ya "umekula?" hakuwahi kuniambia.

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Ungesema nivumilie."

Kweli, ningesema hivyo. Usiku ule daftari lilifungwa mapema na tukaongea hadi saa nane, mambo mengine si ya kuweka gazetini.

Betri za kigemu zimekwisha siku nyingi na hakuna aliyekumbuka kununua nyingine. Daftari ni la tatu sasa. Jana nikiwa jikoni nasonga ugali nikasikia sauti sebuleni, "Mama, nipe kiungo cha mwili!"

Nikamjibu kisigino.