Kuchuja na Kupepeta: Istilahi ya Barua Taka

Seva ya baruapepe ikizuia barua halali, mhudumu wake hutazama kwanza daftari la matukio, apate kujua barua ilipewa alama ngapi na kwa sababu gani. Katika programu ya SpamAssassin kizingiti cha kawaida ni alama 5. Kikishushwa, barua njema nyingi zaidi hunaswa. Kazi hiyo huitwa "kuchuja". Lakini tui likichujwa, machicha hutupwa. Apepetaye mpunga kwa ungo, kama ilivyo Nzega, huyatazama tena makapi, kwani punje nzima huweza kuwamo. Kwa hiyo "barua taka" liwe jina la iliyokwisha kuthibitishwa. Iliyozuiliwa tu yafaa iitwe "barua ya shaka", karani asije akafuta wito wa kikao bila kuusoma.