Darubini Ilifuate Jicho

Msasi anunuapo darubini ya bunduki, aghalabu huwa na pupa ya kuifunga na kwenda kujaribu shabaha. Ilhali mtu huyohuyo, apelekapo kitambaa kwa fundi wa kanzu, husimama kwa subira apimwe mabega na mikono, kwa kuwa ajua kanzu haikatwi kwa kukisia. Darubini nayo hupimiwa mwili.

Sababu ni kwamba kila darubini huonyesha taswira kamili kwa jicho lililo katika umbali maalumu nyuma ya kioo chake, nao katika darubini nyingi za usasi ni kadiri ya milimita 75 hadi 100; jicho likikaribia mno au kujitenga, kivuli cheusi huizunguka taswira na kuila. Katika darubini zenye ukuzaji wa kubadilishwa, mara nyingi umbali huo hupungua ukuzaji uzidipo; kwa hiyo ipimwe ikiwa katika ukuzaji wa juu kabisa.

Kwanza hakikisha, kwa macho na kwa kidole, kwamba bunduki haina risasi. Laza darubini katika pete, uzikaze kidogo tu ili iweze kuteleza. Kisha vaa nguo zilezile za mwituni, maana unene wa koti huliondoa jicho mahali pake, ufumbe macho, ulete kitako begani, ulaze shavu pale linapotua lenyewe, ndipo ufumbue. Ukikuta kivuli, usinyoshe shingo kukifukuza, bali sogeza darubini. Rudia ukisimama, ukiketi na ukilala kifudifudi, kwani kichwa cha aliyelala husogea mbele. Na hapo ndipo penye hatari, hasa kwa bunduki zenye kishindo kama ile ya .375 iliyotolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912, ambayo irudipo nyuma huweza kumpasua nyusi mwenye kulikaribisha mno jicho lake.

Kimo nacho kina hukumu yake. Chagua pete fupi kadiri iwezekanavyo, mradi darubini isiguse kasiba wala kuuzuia mkono wa komeo. Na ikiwa bado shavu halina budi kuinuka ndipo jicho lione, ongeza tabaka la ngozi juu ya kitako, kwani shavu lisilo na pa kutua halirudi mahali pamoja mara mbili.

Mwisho, tundika timazi mbele yako, uishike bunduki isiinamie upande wowote, na uzungushe darubini hata uzi wake wa wima ulingane na kamba. Uzi huo ukiwa umeinama, kila urekebishapo shabaha juu au chini, risasi nayo itakwenda upande. Kaza parafujo kwa zamu, kidogo kidogo, kwa nguvu aliyoagiza mtengenezaji. Kisha fumba macho tena, ulete bunduki begani mara kumi: ikiwa katika mojawapo ya hizo umeona kivuli, legeza pete uanze upya.