Boma la Arusha: Anza na Kuta

Wengi wanaoingia Makumbusho ya Elimu Viumbe, Arusha, hufuata habari za zamadamu: nyayo za Laetoli zenye umri wa miaka milioni 3.6, au Zinjanthropus, ambaye fuvu lake Mary Leakey aliliona kule Oldupai mwaka 1959. Huvuka ua wenye nyasi wakaelekea vyumba vya maonyesho, bila hata kuzitupia jicho kuta nyeupe zinazowazunguka. Hilo ni boma la jeshi la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1900.

Kisa kilianza miaka minne kabla. Oktoba 1896, Ewald Ovir na Karl Segebrock, wamisionari wa Misheni ya Leipzig waliokuja kutafuta mahali pa kuanzisha kituo chao, waliuawa huko Meru. Kapteni Kurt Johannes, kamanda wa Moshi, akaja na askari wake pamoja na wapiganaji wa Kichaga kulipiza kisasi. Nyumba zikachomwa, migomba ikafyekwa, ng'ombe wakaswagwa. Vita havikwisha upesi. Tarehe 2 Machi 1900 viongozi 19 walinyongwa Moshi kwa siku moja: Wachaga, akiwamo Mangi Meli, na wenzao wa Kimeru na Kiarusha.

Ndipo boma likasimama. Vijana wa Kiarusha waliozoea mkuki walilazimishwa kubeba mawe na kujenga kambi ya jeshi lililowashinda. Askari walipokwisha kukaa, wafanyabiashara nao wakafuata ulinzi na wateja, maduka yakaanza kuchipuka, na taratibu pakawa mji. Kwa hiyo anayesema Arusha ni mji wa watalii anaanza hadithi katikati. Ulianza kama kituo cha askari.

Waingereza waliuteka mji mwaka 1916, na baadaye boma likawa ofisi za serikali. Makumbusho yalifunguliwa humo mwaka 1987.

Ipo sehemu ya maonyesho inayoeleza enzi ya Mjerumani, na hilo ni jambo jema. Hata hivyo, si rahisi kushindana na zamadamu, na majina ya maofisa yamehifadhiwa vizuri kuliko ya waliopanga mawe. Wazee wa Meru na Arusha bado wana simulizi za mababu zao. Zirekodiwe sasa, zisikike humo humo ndani ya boma. Nawe msomaji, ukifika, tazama kwanza kuta, halafu nenda kwenye nyayo.