Maji Mengi Nayo Hunajisika: Samadi ya Mazizi na Vyanzo vya Maji Mkoani Mara

MWEZI Machi 2022, wakazi wa kando ya Mto Mara waliyaona maji ya mto wao yamegeuka. Yalikuwa meusi, yakitoa harufu nzito, na samaki waliokufa walielea juu yake hadi maeneo ya jirani na daraja la Kirumi, wilayani Butiama, pale barabara itokayo Musoma kwenda Tarime inapovuka mto. Serikali ilisitisha uvuvi na kuwazuia watu kuyatumia maji hayo.

Aliyekuwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Makamu wa Rais, Muungano na Mazingira, Selemani Jafo, aliunda kamati ya uchunguzi chini ya Profesa Samuel Manyele. Jibu la kamati lilikuwa kwamba kinyesi na mkojo wa mifugo, pamoja na mimea iliyooza, ndivyo vilivyoimaliza hewa ya oksijeni ndani ya maji, na samaki wakakosa pumzi.

Jibu hilo halikupokewa na wote. Wapo waliolicheka, na wapo waliouliza inakuwaje ng'ombe waliokunywa mto huo tangu enzi za mababu waue samaki mwaka ule. Wengine walielekeza macho kwenye uchimbaji wa dhahabu. Sisi hatukusudii kuifungua upya kesi hiyo katika ukurasa huu. Tunachosema ni kwamba hata yule ambaye hakuridhika na jibu lile, limebaki swali moja mlangoni mwake: kinyesi cha zizi lake huenda wapi mvua inaponyesha?

Ndugu msomaji, tufanye hesabu ndogo. Ng'ombe mmoja wa kienyeji hutoa kiasi cha kilo kumi za kinyesi kwa siku. Mwenye ng'ombe 50 anazo kilo 500 kila siku, na hata kama nusu yake hubaki malishoni, ile inayorundikana zizini inapita tani 90 kwa mwaka. Katika mkoa ambao ng'ombe ndiyo akiba, ndiyo mahari na ndiyo heshima ya nyumba, mazizi ya namna hiyo si machache.

Rundo hilo likikaa wazi juu ya mteremko, mvua ya kwanza ya vuli au ya masika hulichukua. Maji hupita korongoni, huingia kijitoni, na kijito humwaga katika mto. Wilayani Bunda, Mto Rubana na Mto Grumeti huelekea Ghuba ya Speke. Mto Mara nao huishia ziwani karibu na Musoma. Na ni ziwa hilo hilo tunalolinywa. Mji wa Musoma huchota humo, Bunda huchota humo kupitia chanzo cha Nyabehu, na mradi wa Mugango, Kiabakari na Butiama, uliojengwa kwa fedha za Serikali, Benki ya Kiarabu ya BADEA na Mfuko wa Maendeleo wa Saudia, nao huchota humo.

Madhara yake ni ya namna tatu. Kwanza, kinyesi hubeba vijidudu vya kuhara, na wa kwanza kuumia ni mtoto mdogo anayenyweshwa maji ya kijito au ya kisima kifupi. Pili, samadi ina naitrojeni na fosforasi. Virutubisho hivyo huotesha mahindi shambani, lakini vikiingia ziwani huotesha mwani na magugumaji. Tatu, naitreti inayopenya ardhini hadi kisimani haitoki kwa kuchemsha maji. Kuchemsha huua vijidudu tu. Naitreti hubaki, nayo ni hatari kwa watoto wachanga.

Huenda msomaji akasema: ziwa ni kubwa mno, samadi ya zizi langu italifanya nini? Wengi wetu tumesoma madrasa kwamba maji yakifikia kullatayni, yaani kiasi cha lita 200 hivi, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi. Hiyo ni kweli kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi, lakini ni nusu ya hukumu. Nusu ya pili ni kwamba yakibadilika rangi, ladha au harufu kwa sababu ya najisi hiyo, maji hayo ni najisi hata yakiwa mengi kiasi gani. Na katika madhehebu hayo, kinyesi na mkojo wa ng'ombe ni najisi. Basi na ayakumbuke mwenyewe maji ya Machi 2022: rangi ilibadilika, na harufu ilibadilika. Wingi wa maji haukutusaidia kitu.

Je, sheria zinasemaje? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Wengi wanaifahamu, na mabango yake yapo. Lakini mita 60 ni mpaka wa ukingo tu. Rundo lililo umbali wa mita 300 juu ya kilima, bila kizuizi, lina madhara makubwa kuliko zizi dogo linalotunzwa vizuri. Pengo hili ndilo linalopasa kuzibwa na sheria ndogo za mahali.

Mamlaka hayo yapo. Halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, ikapata maoni ya mkutano wa kijiji, kisha ikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Manispaa ya Musoma na Halmashauri ya Mji wa Bunda nazo zina uwezo wa kutunga za kwao, hasa kwa wanaofuga ndani ya mji. Tunapendekeza sheria hizo ziseme mambo machache yanayotekelezeka: samadi ihifadhiwe mahali palipoinuka, juu ya sakafu ya udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa au saruji, ifunikwe kwa nyasi au turubai, pachimbwe mfereji upande wa juu ili maji ya mvua yasipite ndani ya zizi, na rundo likae mbali na kisima, upande wa chini wa mteremko. Kabla ya mvua kuanza, samadi iliyoiva ihamishiwe mashambani. Mwenye ng'ombe wachache wa maziwa anaweza kuitumia katika mtambo wa biogesi, akapikia gesi na bado akabaki na mbolea.

Hata hivyo, tunatahadharisha. Sheria ndogo inayoanza na faini huishia kuwa mradi wa mapato, na mnyonge ndiye hulipa. Kumwambia mfugaji asifikishe ng'ombe mtoni bila kumwonyesha birika au lambo la kunyweshea ni kumwambia awaache wafe kwa kiu. Halmashauri itangulize mabirika na mafunzo, adhabu ifuate nyuma.

Wanazuoni wa fiqhi waliweka harimu ya kisima, yaani eneo linalokizunguka ambalo mtu mwingine haruhusiwi kulitumia kwa namna itakayokidhuru. Walijua kwamba mali ya mtu ina mpaka pale inapogusa maji ya jirani. Ng'ombe ni wako na zizi ni lako, lakini maji yanayopita chini ya zizi hilo yanakwenda kwenye ndoo ya mama usiyemjua, Mwislamu au asiyekuwa Mwislamu, pale Kirumi, Mugango au Nyabehu. Mwenye kuchimba mfereji kiangazi hiki amemtendea wema mama huyo kabla hata mvua haijanyesha.

Wabillahi tawfiq.